Chokaa kwenye Sufuria, Chumvi kwenye Kisima: Kuyaelewa Maji ya Diani, Ukunda na Msambweni

Wakazi wengi wa Ukunda na Diani wanalo lalamiko moja kuhusu maji yao, nalo ni lile lile mwaka baada ya mwaka. Sabuni haitoi povu. Sufuria ya kuchemshia maji inashika ukoko mweupe. Shawa inaziba matundu, birika ya umeme inachelewa kuchemka, na nguo nyeupe zinageuka rangi ya kijivu ingawa zimefuliwa mara mbili. Wengi huishia kusema kwamba maji ya mfereji ni machafu, kisha hununua mtungi wa lita 20 wa maji ya kisima kutoka kwa mkokoteni kwa sababu “haya ni matamu”.

Kuna maswali matatu yanayochanganywa hapo. La kwanza ni la ugumu wa maji, yaani chokaa. La pili ni la chumvi. La tatu ni la usalama, yaani kama maji yana vijidudu au kemikali za kudhuru. Maji yanaweza kuwa magumu na salama kabisa. Yanaweza pia kuwa laini, matamu, ya kung'aa kama kioo, na yakamlaza mtoto hospitalini. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, kwa sababu familia nyingi hutumia pesa kulikimbia tatizo la kwanza na bila kujua zinaingia katika la tatu.

Ugumu unatoka wapi

Ukanda wa pwani kutoka Tiwi hadi Msambweni na kuendelea kusini umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na nyuma yake, ukielekea bara, kuna tabaka za mchanga. Mwamba huo ni mabaki ya viumbe wa baharini walioishi wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ni jiwe lile lile linalokatwa machimboni kujengea nyumba, na lile lile lililochomwa na wazee wa zamani kupata chokaa ya kuungia kuta. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini Diani, ni mfano wa kazi hiyo.

Mvua inaponyesha huwa karibu haina madini yoyote. Ikipita kwenye udongo inabeba gesi ya kaboni dayoksaidi inayotokana na mizizi na majani yanayooza, na kwa hiyo inakuwa na tindikali kidogo. Tindikali hiyo ni hafifu kuliko ya ndimu, lakini inao muda. Maji yakikaa ndani ya mwamba wa matumbawe kwa miezi au miaka, yanauyeyusha kidogo kidogo na kubeba kalsiamu, pamoja na magnesiamu kiasi. Maji yenye madini hayo mawili kwa wingi ndiyo huitwa maji magumu.

Yanapochemshwa, gesi ile hutoka na jiwe lililoyeyuka hurudi kuwa jiwe. Ukoko mweupe kwenye sufuria ni matumbawe yaliyoganda upya. Si dawa ya maji iliyowekwa kwenye tangi, wala si uchafu wa bomba. Mtu akiudondoshea siki au ndimu utatoa mapovu na kulegea, sawa na kipande cha jiwe la ukutani.

Anayepanda Shimba Hills hukuta hali nyingine. Huko mwamba ni wa mawe ya mchanga, hauna chokaa nyingi, na chemchemi kama za Marere, ambazo maji yake yalianza kupelekwa Mombasa kwa bomba tangu enzi za ukoloni, hutoka na madini machache. Sabuni hupata povu bila taabu. Lakini maji laini ya namna hiyo nayo yana tabia yake: yakiwa na tindikali kidogo hula mabomba ya chuma, na mtu hupata maji ya rangi ya kutu asubuhi anapofungua mfereji. Katika miaka ya 1980 Kwale ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotumiwa kuijaribu pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo inajulikana kote Afrika. Bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, na plastiki haishiki kutu.

Kupima ugumu nyumbani

Maabara hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja ya maji. Chini ya 60 maji huhesabiwa kuwa laini. Kati ya 60 na 120 yana ugumu wa wastani, kutoka 120 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Kenya na Afrika Mashariki kinaruhusu hadi miligramu 300 kwa maji yaliyotibiwa, na 600 kwa maji ya asili kama ya kisima. Kwa hiyo mfereji unaweza kuwa na maji “magumu sana” kwa jina na bado ukawa ndani ya sheria.

Asiye na maabara anaweza kulinganisha kwa chupa mbili za plastiki za nusu lita. Moja hujazwa nusu kwa maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo safi, nyingine nusu kwa maji ya nyumbani. Katika kila chupa hutiwa kiasi kile kile cha sabuni ya kipande iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kisha zote mbili hutikiswa kwa nguvu. Ya mvua itajaa povu. Ya maji magumu itakuwa na povu dogo linalokufa haraka, na maji yatakuwa kama maziwa mepesi. Huo weupe ni sabuni iliyoshikwa na kalsiamu, yaani sabuni iliyolipiwa dukani na haikufanya kazi yoyote. Jaribio hili lifanywe kwa sabuni ya kipande. Sabuni nyingi za unga zimetengenezwa zivumilie maji magumu, kwa hiyo zitamdanganya anayepima.

Gharama yenyewe inaweza kukadiriwa. Nyumba inayochemsha lita 10 kwa siku za maji yenye ugumu wa 300 inapitisha kwenye sufuria gramu 3 za chokaa kila siku, ambazo ni zaidi ya kilo moja kwa mwaka. Si yote huganda. Sehemu hubaki ndani ya maji na kunywewa. Hata hivyo, safu ya milimita chache juu ya waya wa birika inatosha kuufanya uungue, na chini ya sufuria inamaanisha makaa au gesi zaidi kwa chai ile ile.

Kuna ugumu unaotoka kwa kuchemsha, unaoitwa ugumu wa muda, na kuna usiotoka, unaoitwa ugumu wa kudumu. Maji ya matumbawe kwa sehemu kubwa yana ule wa muda. Ndiyo maana maji yaliyochemshwa, yakapozwa na kumiminwa polepole bila kutikisa mashapo, hufulia vizuri kuliko yalivyotoka mferejini. Kwa nguo chache za mtoto inafaa. Kwa furushi la familia nzima kuni zitaisha kabla ya nguo, na maji ya mvua yaliyokingwa wakati wa masika au vuli ni nafuu zaidi.

Je, chokaa inadhuru mwili?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, mara nyingi kwa sura ya mawe ya figo. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji ya kunywa. Kikomo cha 300 au 600 kinahusu zaidi ladha, mabomba na matumizi. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na maji huchangia sehemu ya mahitaji hayo. Kuhusu mawe ya figo, jambo ambalo madaktari husisitiza kwanza ni kunywa maji ya kutosha, hasa katika joto la pwani. Anayepunguza kunywa kwa kuogopa chokaa anajiweka karibu zaidi na tatizo analolikimbia. Mwenye historia ya ugonjwa wa figo na aulize hospitalini, kwa kuwa hali yake ni ya pekee.

Mashine za kulainisha maji zinazouzwa kwa wenye nyumba za kukodisha hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Sabuni itafurahi, na shawa itadumu. Lakini maji hayo yanakuwa na sodiamu zaidi, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi ni vyema mfereji wa jikoni ubaki bila kupitia mashine hiyo.

Chumvi ni habari nyingine

Maji ya mfereji ya Diani na Ukunda hutegemea sana visima virefu vya Tiwi. Hoteli, majumba na ploti nyingi zina visima vyake pia. Vyote vinachota kutoka kwenye hifadhi moja chini ya ardhi, na hifadhi hiyo inapakana na Bahari Hindi.

Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake ndani ya mwamba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, walipata kanuni ambayo bado hutumika: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ni neema hadi pampu zinapozidi. Kiwango cha juu kikishushwa nusu mita tu na kubaki hapo, mpaka wa maji ya chumvi huelekea kupanda kama mita 20 kutoka chini. Mchimbaji anayeongeza kina cha kisima akidhani atayakuta maji mengi zaidi mara nyingine huwa anaifuata chumvi ilipo.

Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 19 za kloridi. Glasi moja ya robo lita ya maji ya bahari ikimwagwa katika mtungi wa lita 20 inaongeza karibu miligramu 240 za kloridi kwa kila lita, ilhali kikomo cha maji ya kunywa ni 250. Maji ya kisima tayari huwa na kiasi chake, kwa hiyo glasi hiyo moja inatosha kuyavusha. Inaongeza pia ugumu wa karibu miligramu 80, kwa kuwa bahari ina magnesiamu nyingi. Huo hauondoki kwa kuchemsha. Mkazi wa karibu na ufuo anayeona sabuni yake inazidi kukataa povu mwaka hadi mwaka, hata baada ya maji kuchemshwa, ana sababu ya kushuku kwamba bahari inaingia.

Wakati wa hatari unajulikana. Mvua za vuli zikiisha hufuata kaskazi, miezi ya jua kali kutoka Desemba hadi Machi. Ndiyo miezi hoteli zinapojaa, mabwawa ya kuogelea yanajazwa, bustani zinamwagiliwa, na hakuna tone linaloshuka ardhini kujaza kilichochotwa. Ukame wa 2016 na 2017 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Watafiti wa mradi wa Gro for GooD, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Oxford, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kufuatilia maji ya ardhini ya Kwale, waliona kiasi cha mvua iliyopenya ardhini kikishuka sana kuliko miaka ya kawaida. Mvua ikikosa msimu mmoja, mwamba hutumia akiba yake. Zikikosa misimu miwili huku pampu zikizidi, akiba hiyo huanza kufidiwa na bahari.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunaongeza, kwa sababu mvuke huondoka na chumvi hubaki. Dawa ya klorini haiigusi, wala shabu, wala kitambaa cha kuchujia. Kinachoiondoa ni mashine zenye utando maalumu wa kuchuja chumvi, kama zilizo katika baadhi ya hoteli na maduka ya maji. Zinatumia umeme mwingi, na maji makali ya chumvi yanayobaki yakimwagwa kwenye shimo nyuma ya nyumba hurudi kwenye mwamba ule ule.

Kuchimba kisima kwa mashine kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Wapo wanaokiona kibali kama karatasi ya usumbufu. Lakini katika mtaa ambao kila ploti ya robo ekari inataka kisima chake, hakuna njia nyingine ya kujua ni pampu ngapi zinavuta kutoka kwenye chungu kimoja. Kisima kikishaingiwa na chumvi kinaweza kuchukua miaka kupona, na cha jirani huwa hakiko mbali.

Maji matamu yanayoweza kuua

Sasa turudi kwenye mtungi wa mkokoteni. Mazungumzo yenyewe ni ya kawaida katika mitaa ya Ukunda.

“Haya ni ya mfereji au ya kisima, mwanangu?”

“Ya kisima, mama, lakini hayana chumvi kabisa. Onja.”

Mama huonja, huridhika, hulipa. Alichopima kwa ulimi ni chumvi peke yake. Ulimi hauwezi kuonja bakteria wa E. coli, wala nitreti.

Nyumba nyingi za Ukunda, Diani na Msambweni hutumia vyoo vya shimo au matangi ya maji taka yanayonyonywa na ardhi. Kwenye udongo wa mchanga laini, maji yanayopenya huchujwa kiasi fulani kabla ya kufika kwenye hifadhi ya chini. Kwenye matumbawe mambo ni tofauti. Mwamba huo umejaa nyufa na mashimo, mengine makubwa kiasi cha mtu kuingia, kama mapango ya pwani yanavyoonyesha. Kinachomwagwa kwenye shimo kinaweza kusafiri haraka bila kuchujwa. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, unaotajwa mara nyingi kama kinga, ni kiwango cha chini, na katika mwamba wenye nyufa si dhamana. Katika ploti ndogo zenye nyumba za kupanga, hata hizo mita 30 hazipatikani.

Nitreti ni kipimo cha pili kinachosema ukweli kuhusu vyoo. Kikomo chake ni miligramu 45 kwa lita. Ikizidi, walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wa chini ya miezi sita wanaochanganyiwa maziwa ya unga: damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo na ngozi huanza kuwa na rangi ya samawati. Na hapa kuna mtego kwa mzazi mwangalifu. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi nitreti. Maji yakipungua kwenye sufuria, nitreti huzidi kukolea. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza hakutani na hatari hiyo.

Maji ya mfereji, pamoja na chokaa yake yote, yana kitu ambacho maji ya kisima cha uani hayana: klorini. Mabaki ya klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye mfereji yanatosha kuendelea kuua vijidudu njiani. Harufu ile hafifu inayolalamikiwa ni ishara kwamba kinga bado ipo. Cha kutia wasiwasi ni mfereji uliokauka siku kadhaa kisha ukarudi bila harufu yoyote. Bomba likiwa tupu na lina ufa, maji machafu ya nje hupata njia ya kuingia. Maji ya kwanza baada ya mgao yatumike kusafishia sakafu, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tangi la juu ya nyumba lisilofunikwa nalo humaliza klorini, kwa hiyo mpangaji anaweza kuwa analaumu mfereji kwa kosa la tangi la mwenye nyumba.

Kwa anayetumia kisima, utaratibu ni huu: maji yenye matope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza, yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, yasubiriwe dakika 30, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba au mfereji wake. Mtungi wa mdomo mpana unaotumbukizwa kikombe na kila mkono hurudisha kilichoondolewa.

Kabla ya kupeleka sampuli

Mwenye kisima, kamati ya maji, shule au mwenye nyumba za kupanga anayetaka kujua hali ya maji yake aanzie kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo, atakayemwelekeza kwenye maabara. Vipimo vya kuomba kwa eneo hili ni ugumu, kloridi, jumla ya madini yaliyoyeyuka, nitreti na E. coli. Anayeomba “kipimo cha maji” bila kutaja anaweza kulipia orodha ndefu isiyo na nitreti ndani yake.

Sampuli ya kemikali inaweza kubebwa kwenye chupa safi ya plastiki ya lita moja au mbili, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa. Ya bakteria haiwezi. Hiyo inahitaji chupa iliyotakaswa inayotolewa na maabara, isiyosuuzwa, isiyoguswa ndani ya mdomo wala ya kifuniko, na ikae kwenye kibebeo chenye barafu hadi ifike, ikiwezekana ndani ya saa 6 na isipite 24. Kabla ya kukinga, pampu iachwe ifanye kazi dakika chache ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Kwenye chupa iandikwe mahali, tarehe na saa.

Kipimo kimoja huonyesha siku moja. Kisima cha karibu na ufuo kipimwe mara mbili kwa mwaka: Machi, kaskazi inapokwisha na chumvi iko juu, na tena Juni, baada ya mvua kubwa kusukuma kilichomo vyooni kuelekea chini. Majibu ya miezi hiyo miwili yawekwe pamoja kwenye faili moja na yaonyeshwe kwa wapangaji wanaoyanywa.